Zipu Kwanza, Koti Baadaye

Wifi yangu alifeli mtihani mara mbili, na mara zote mbili alifeli akiwa anajua majibu. Najua watu husema hivyo kumpoza aliyefeli. Mimi sina tabia ya kupoza watu. Mtaani wananiita Mama Pini kwa sababu mimi ni fundi cherehani na muda wote nina pini mdomoni, ingawa wapo wanaosema ni kwa sababu ya maneno yanayopenya katikati ya hizo pini. Kwa hiyo nikisema alikuwa anajua majibu, alikuwa anajua.

Yeye ni mke wa kaka yangu, na wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne kazini kama muuguzi msaidizi katika chumba cha dharura cha hospitali kubwa. Ukifika pale umekatika, umeungua au umebebwa, mtu wa kwanza kukutazama machoni alikuwa yeye. Siku moja likabandikwa tangazo ukutani kwamba wauguzi wasaidizi wote wafanye mtihani wa leseni kamili. Kila mtu alipewa nafasi tatu. Atakayeshindwa mara ya tatu ataondolewa kwa wagonjwa na kupewa kazi nyingine, na kazi nyingine katika hospitali ile maana yake ni stoo ya mashuka. Unapokea mashuka, unakunja mashuka, unastaafu.

Mara ya kwanza alipata alama arobaini na moja. Mara ya pili akapata arobaini na nne. Kufaulu ni hamsini.

Siku matokeo ya pili yalipotoka, kaka alipita kwangu akitoka kazini. Kaka yangu anaendesha lori la mizigo, na ni mtu mpole kupita kiasi, mpole mpaka unatamani kumfinya. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia kwamba labda kichwa cha mkewe kimechoka, na kwamba stoo nayo ni kazi, tena haina zamu za usiku. Nikatoa pini mdomoni ili anisikie vizuri. Nikamwambia mkewe akikunja mashuka miezi miwili atamkunja na yeye amweke kabatini. Akacheka, lakini si sana. Alikuwa anampenda, na hakujua amsaidie vipi, na mwanamume akishindwa kusaidia huanza kusifia shida yenyewe.

Mimi sikuamini habari ya kichwa kuchoka. Wifi alikuwa anajisomea kwangu, kwenye ncha ya meza ya kukatia, kwa sababu nyumbani kwake watoto hawampi nafasi. Nimemsikia akinong'ona majina ya dawa na viungo vya mwili huku cherehani yangu ikikimbia, mpaka na mimi nikajua figo lina kazi ngapi. Mtu kama huyo hapati arobaini na nne kwa kukosa kusoma. Ilikuwa kama koti linalobana begani wakati vipimo vyote ni sahihi. Kosa haliko kwenye kitambaa, liko kwenye mkono uliokata.

Kesho yake akaja baada ya zamu, macho yamevimba, akaanza kupanga madaftari yake taratibu kama mtu anayefungasha. Nikazima cherehani. Nikamwomba anihadithie mtihani wote, tangu alipogeuza karatasi hadi alipoiacha, bila kuruka hata dakika moja.

Akaanza. Masaa matatu. Maswali manane, yote ya lazima: sita ya alama kumi kumi, mawili ya alama ishirini ishirini. Akayasoma yote kwanza, na hapo nikatikisa kichwa kumsifu. Kisha akatafuta lililokuwa baya kuliko yote, akaanza nalo.

"Baya vipi?" nikamuuliza.

"La mgonjwa ambaye figo na moyo vimefeli kwa pamoja. Lina vipengele vitano. Gumu hasa."

"Sasa kwa nini ukaanza na hilo?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Wifi, si ndilo lililokuwa na hali mbaya?"

Akaendelea kwamba lile swali lilimchukua saa nzima na dakika kumi na tano, kwa sababu hakutaka kuliacha kabla halijatulia. Kisha akaenda kwa la pili kwa ugumu. Alipoinua uso, msimamizi alikuwa anasema zimebaki dakika ishirini na tano, na maswali madogo sita yalikuwa bado hayajaguswa: kufunga jeraha, kupima presha, kuosha mikono, vitu anavyofanya kila siku akiwa nusu usingizini. Manne akayaandikia mistari miwili miwili mbiombio, na mawili yakabaki meupe. Nikamuuliza mtihani wa kwanza ulikuwaje. Ulikuwa vivyo hivyo.

Niliwahi kumwona kazini. Nilimpelekea gauni la kazi nililolipunguza kiuno, nikasimama mlangoni pa chumba cha dharura nikingoja. Kulikuwa na kijana mmoja analia kwa sauti kwa sababu ya mguu, na mama mmoja anamlaani daktari, na wifi akawapita wote kama hawapo, akaenda kwa mzee aliyekaa kimya pembeni, rangi imemtoka midomoni. Baadaye nikamwambia ana roho ngumu. Akanijibu kwamba anayepiga kelele anapumua, wa kuogopwa ni aliyenyamaza. Pale mlangoni wana vitepe vya rangi vya kufunga mkononi: chekundu kwa aliye mahututi, cha njano kwa anayeweza kungoja kidogo, cha kijani kwa anayeweza kungoja sana. Miaka kumi na minne mikono yake imefundishwa kukimbilia chekundu.

Na mtihani nao aliufunga vitepe. Alikuwa anaingia chumba cha mtihani anatibu maswali.

Nilitaka kucheka, na nilitaka kumkumbatia, nikaona nianze na kazi. Nikachukua kapu langu la kazi za wiki ile nikalimwaga lote mezani mbele yake. Kulikuwa na zipu nne za kubadilisha, mapindo matano, shati lililokosa vifungo, mto wa kiti, na chini kabisa koti la sufu lenye bitana, linalotakiwa kupunguzwa mabega. Nikamwambia fundi aliyenifundisha alikuwa na sheria moja tu, na kwa sheria hiyo alilea watoto wanane. Kabla ya kushika sindano, mwaga kapu lote uone kilichomo. Kisha anza na zipu. Zipu ni robo saa. Ukimaliza zipu na mapindo, wateja tisa wameondoka wanakushukuru, mlangoni hakuna anayegonga, na hapo ndipo unakaa na koti. Koti linataka fundi ambaye hasubiriwi. Ukianza na koti, mchana unakukuta umeshika bega moja, na wateja kumi na mmoja wamekaa kwenye ngazi wanakusema.

"Mtahini naye ni mteja," nikamwambia. "Ana vitu vinane anavitaka. Mpe sita kwanza, mkononi. Hizo ni alama sitini, na kufaulu ni hamsini. Halafu ndiyo ushike makoti yako."

Akaviangalia vile vitu mezani muda mrefu. Akasema anaelewa. Kisha akagusa lile koti na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, "Na wa koti akifa?"

"Koti halifi, wifi. Na swali halifi. Hakuna mtu aliyewahi kuzika swali."

Akacheka kidogo. Nikadhani tumemaliza, kwa sababu mimi nikishaeleza jambo huwa nadhani limekwisha. Ilikuwa ndiyo kwanza tumeanza.

Tulikuwa na wiki saba kabla ya nafasi ya tatu. Wenzake kazini wakamtafutia karatasi za mitihani ya nyuma, nami nikazikata kwa mkasi, kila swali kipande chake. Tukakubaliana hesabu ya muda, nikaiandika kwa chaki ukutani. Dakika kumi za kusoma, dakika kumi za kukagua mwishoni, zinabaki mia na sitini. Swali la alama kumi lina dakika kumi na sita, la alama ishirini lina thelathini na mbili. Muda ukiisha, unaacha, hata kama sentensi imening'inia. Nikaweka saa ya mezani yenye kengele kando ya cherehani. Kengele ile ilikuwa mbaya, wateja walikuwa wanaruka.

Siku ya kwanza nikamtandazia vipande vinane. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kile kigumu, kama vile sikuwahi kusema lolote. Nikaupiga kwa rula, polepole. Akaurudisha. Dakika moja baadaye ukaenda tena. Mwishowe nikachukua vile vipande viwili vigumu nikaviweka chini ya pasi ya moto wa jana, yaani pasi iliyopoa, nikamwambia atavipata akimaliza. Akaandika sita vidogo, lakini jicho lake moja lilikuwa kwenye pasi muda wote. Majibu yake yalikuwa ya mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Kulikuwa na kosa lingine, na hili tuligombana hasa. Swali likisema taja dalili tatu za upungufu wa maji mwilini, yeye anataja tano, anaeleza kila moja, anaongeza cha kufanya daktari akichelewa. Ukurasa na nusu. Nikamuuliza karatasi imesema nini. Imesema taja. Basi taja. Akaniambia kazini ukitaja tu bila kueleza unaweza kuua mtu. Nikamwambia mteja kaagiza kifungo, yeye anamshonea shati, na shati hilo halilipwi. Tukakaa tumenuniana karibu saa nzima, mimi na cherehani yangu, yeye na daftari lake. Kisha akaanza kupiga mstari chini ya kila neno la kuamuru katika karatasi zile, taja, eleza, linganisha, na bila kuniangalia akasema kwamba linganisha maana yake ni vitu viwili mezani kwa pamoja, si kimoja leo na kingine kesho. Nikamwambia ndiyo, kama kupima mikono ya shati. Ugomvi wetu ulikwishia hapo.

Wiki ya nne bado jicho lilikuwa kwenye pasi. Alama zake kwa mazoezi zilikuwa zimefika hamsini, zikashuka arobaini na nane, zikapanda hamsini na moja. Ile si salama. Siku moja nikachoka. Nikamwambia kwa ukali ambao sasa siupendi kwamba kama anataka stoo aniambie mapema, nimshonee aproni ya kukunjia mashuka.

Akaweka kalamu chini. Hakunijibu ukali. Akanisimulia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, na kaka pia, nadhani, hakuwahi kukisikia.

Mwaka wake wa kwanza pale, aliingia mtu aliyekatwa na bati kwenye kiganja. Damu nyingi, kelele nyingi. Yeye akamkimbilia, akamwosha, akamfunga vizuri sana, akajisifu moyoni kwa jinsi alivyofunga. Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, mkoba mapajani, ametulia. Wifi alimpita mara tatu akichukua bandeji. Mara ya nne alipompita, mkoba ulikuwa umeanguka, na yule mama alikuwa ameshafariki akiwa amekaa. Hakuna aliyemlaumu. Daktari alisema hata wangemwona mapema pengine isingesaidia. Lakini yeye alimpita mara tatu. "Kila nikipita lile swali gumu nikaenda kwenye rahisi," akasema, "namwona na mkoba wake."

Nilishika kipande cha kitambaa nikakikunja, nikakikunjua. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya ile aproni. Nikaja kukaa upande wake wa meza, jambo ambalo sifanyi, nikamshika mkono.

"Huyo mama hayumo kwenye karatasi, wifi," nikamwambia.

"Najua."

"Na ingawa unajua, bado unamwona."

"Bado namwona."

Basi nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza tangu mwanzo badala ya kumpiga na rula. Nikamuuliza siku wanapoletwa mahututi wawili kwa pamoja, na yeye yuko peke yake, yule wa pili anamfanyaje. Akanijibu bila kufikiri. Huwezi kumtibu, lakini humpiti hivi hivi. Unasimama kwake, unamtazama, unagusa mkono, unaandika jina lake na ulichokiona, unamwambia: nimekuona, narudi. Nusu dakika tu. Mgonjwa aliyeambiwa nimekuona hutulia, na wewe pia unatulia.

"Basi lifanyie swali hivyo," nikamwambia.

Ndivyo tulivyofanya. Akishasoma karatasi yote, anachukua karatasi mbili za majibu zilizo safi. Juu ya moja anaandika namba ya swali gumu la kwanza, juu ya nyingine namba ya la pili. Chini ya namba anaandika maneno matano au sita, yale yanayomjia palepale: figo, mkojo, chumvi, presha, ndugu waambiwe nini. Dakika mbili kwa kila moja. Anazilaza kando. Nimekuona, narudi. Kisha anaenda kwenye zipu zake.

Siku ya kwanza ya mtindo huo nilikaa namtazama badala ya kushona. Aliandika zile namba mbili, akazilaza karatasi upande wa kushoto, akashusha mabega. Jicho halikwenda kwenye pasi. Alimaliza sita vidogo kabla kengele ya sita haijalia, na aliporudi kwenye vigumu alikuta maneno yake yanamngoja, hakuanza na ukurasa mtupu. Alipata sitini na sita. Nikamwambia si mbaya, nikageuka kutafuta chaki ambayo nilikuwa nimeishika.

Asubuhi ya mtihani kaka alitupeleka wote wawili, lakini hakuzima injini, kwa sababu mzigo wake ulikuwa unangojwa. Alivua saa yake ya mkono akamfunga mkewe, ikamzidi, ikateleza hadi karibu na kiwiko. Mimi nilikuwa na pini mbili nilizochomeka kwenye gauni langu, nikaubana mkanda ule palepale getini. Nilimkagua: kalamu tatu, rula, kitambulisho, maji. Nilimkumbusha mambo mawili tu, asome neno la kuamuru kabla ya kujibu, na asiache swali jeupe hata moja, maana karatasi tupu haina alama hata mtahini akiwa na huruma ya mama. Akaniambia, "Zipu kwanza." Nikamwambia, "Zipu kwanza." Watahiniwa wengine wakatuangalia.

Nilirudi dukani nikaharibu pindo la suruali mara mbili. Saa sita na nusu akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja na mkoba mapajani. Sikupenda kumwona amekaa vile, nikauchukua mkoba nikauweka mezani.

Zile zipu sita alizimaliza zote, kwa muda. Koti la kwanza alilimaliza. Koti la pili alifika nusu kengele ikalia. Vipengele viwili aliandika vizuri, cha tatu mistari minne, vya mwisho maneno tu. Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Alisema alikuwa amemwambia nimekuona, narudi, na hakurudi vizuri.

Hapo ukali wangu wa kawaida ulinirudia, na nilifurahi kuuona. Nikamwambia bitana ikining'inia koti bado ni koti, mteja analivaa. Nikamwambia alama zake sasa ziko kwa mtahini na haziko kwake, ale chakula alale. Akala. Hakulala, kaka aliniambia baadaye.

Matokeo yalichukua wiki tisa. Katika wiki hizo hakuna aliyetaja mtihani nyumbani kwao wala kwangu, na nyumba ambayo haitaji kitu inakitaja kutwa nzima. Mimi nilijikuta nachungulia dirishani kila akipita mtu mwenye bahasha. Nilikuwa naogopa. Niliwaza kwamba kama ameshindwa, ameshindwa kwa sheria yangu, na nitamtazamaje.

Alikuja mwenyewe, mchana, bado amevaa gauni la kazi, kumaanisha ametoka bila ruhusa au kwa ruhusa ya haraka sana. Alinipa karatasi. Nilikuwa na pini mdomoni na kulikuwa na mteja amesimama kwenye kiti nampima urefu wa sketi. Nikasoma. Sitini na tatu.

Nilitoa pini moja moja, nikazichomeka kwenye mto wake. Nikamwambia mteja asishuke. Nikaenda nyuma ya pazia nikachukua gauni lililokwishapigwa pasi, nikalipiga pasi tena, lote, na mikono yake. Wifi akanifuata, akasimama tu pale. Pasi ilikuwa baridi, nilisahau kuiwasha. Yeye ndiye aliyegundua.

Gauni lake jipya nililishona mimi, jeupe, na mkanda mpana kiunoni wa muuguzi kamili. Sikukosea hata mshono mmoja. Hilo naweza kulisema bila kutia chumvi, kwa sababu nililifumua mara tatu.

Ningeishia hapo, lakini lipo la miezi mitano baadaye, na nisiposimulia mimi atalisimulia yeye, tena vibaya.

Nilikuwa nashona turubai la kufunikia mizigo ya kaka, kazi nzito isiyofaa cherehani yangu, na niliambiwa haifai. Sindano ikapiga mkunjo, ikapinda, ikashuka kwenye kidole changu cha shahada, ikapenya ukucha ikavunjikia ndani. Sitaeleza maumivu. Jirani yangu kinyozi alinifunga taulo la kunyolea, akanipakia kwenye pikipiki yake, akanifikisha chumba cha dharura mimi nikiwa nimefumba macho njia nzima.

Wifi alikuwa pale mlangoni na lile gauni langu. Nikashukuru Mungu kwa kuwa na ndugu. Alifunua taulo, akatazama kidole kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano, akauliza kama nina ganzi, kama nina kizunguzungu. Kisha akanifunga kitepe cha kijani mkononi, akanielekeza benchi.

Nikadhani anatania. Nikakaa. Akapita na mtoto anayehangaika kupumua. Akapita na dripu. Ikapita saa moja nzima, kidole kinadunda, na watu walioingia nyuma yangu wanatangulia. Akaingia bwana mmoja kwa miguu yake mwenyewe, shati safi, mkono kifuani, hasemi kitu, na wifi yangu akaacha alichokuwa anafanya akamfuata mbio, akamshika kabla hajakaa, machela ikaletwa. Mimi hata hakunitupia jicho. Uvumilivu wangu ukafika mwisho. Nikapaza sauti, kusudi benchi zima lisikie, kwamba hata mgeni hatendewi hivi, kwamba gauni alilovaa nimelishona kwa mkono huuhuu.

Alikuja baada ya muda, jasho kwenye paji la uso. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono ule mzima.

"Wifi, unapiga kelele. Anayepiga kelele anapumua."

"Nina sindano kwenye kidole."

"Najua, nimekuona. Narudi." Akainuka, akaweka sawa kitepe changu cha kijani. "Wewe ni zipu. Hapa tunaanza na makoti."

Akaenda zake. Nilimtazama akipita mwisho wa benchi. Pale alikuwa amekaa bibi mmoja aliyetulia, mkoba mapajani. Wifi alisimama, akamwinamia, akamgusa mkono, akamwambia kitu, akaandika, ndipo akaendelea na safari yake.

Machozi yakanitoka. Kinyozi akadhani ni kidole, akaniuliza kama kweli yule ni ndugu yangu au nimemsingizia. Nikamwambia ni wifi yangu, na kwamba kama isingekuwa mimi angekuwa stoo anakunja mashuka, na mimi ningekuwa nimeshatibiwa zamani na mtu mwingine yeyote. Nikakaa vizuri kwenye benchi. Alirudi saa tisa kasoro, akaitoa ile sindano.